Sanduku Niliyopima kwa Mugongo Wangu

Wacha niiseme mimi mwenyewe, juu nimechoka kusikia vile watu wengine wanaisema vibaya. Kuna wenye kusema huku Rubaya eti nilifungiwa mu sanduku ya maiti nikapiga makelele, hiyo ni uongo. Kuna wenye kusema eti nilikimbia kilio na kiatu kimoja, hiyo pia ni uongo (viatu vyote viwili vilibakia mu matope, na sikukimbia, nilitembea). Ile ya kweli iko mubaya kuliko zote, na haya yake ingali iko juu yangu paka leo, juu kila mara nikipita mbele ya atelye za mbao kuna fundi mumoja atainua kamba yake ya kupimia na kuniuliza, "Patron, ulale kidogo?" na wenzake wanacheka mu mikono. Na mimi nachekaka. Nikifika nyumbani sichekake tena.

Munanijua. Mimi Bauma nilisoma paka mwaka wa tatu wa primaire, ule wa ine niliuona kwa dirisha tu, lakini leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, niko na kamio mbili zenye kupanda mulima wakati kamio za wenye madiploma zimelala mu matope, na depo yangu ya minerais, mawe ya madini, watu wanaijua toka hapa paka Masisi centre. Hakuna mwenye alinisukuma. Nilijitengeneza mimi mwenyewe, na muntu mwenye alijitengeneza anakuwaka na ugonjwa umoja: anafikiri ata wengine anaweza kuwatengeneza kwa kipimo yake.

Hangi na mimi tulianza kubeba mizigo juma ile ile moja. Wakati ule tulikuwa vijana, tunatosha gunia ku mashimo kule juu ya kilima na kuishusha ku madepo, kamba ku paji la uso na gunia ku mugongo, vile mama zetu wanabebaka kuni na viazi. Tulilala mu kibanda kimoja, yeye wa Nyamitaba, mimi mutoto wa Walikale, na tulikuwa na suruali ndefu moja ya wawili. Siku ya Mungu yeye aliivaa misa ya kwanza, anarudi mbio, mimi naivaa misa ya pili, na hakuna siku ata moja tulikunja muguu yake wala kuingiza kiuno. Bega kwa bega, kisigino kwa kisigino. Watu walituita mapacha. Na sisi wenyewe tulianza kuitana vile, "Pacha!" "Pacha!" paka majina yetu ya ubatizo tukasahau.

Mimi niliacha kamba mapema (nilikuwa na akili ya biashara, siwezi kuficha). Nikaanza kununua kidogo kidogo, kisha nikapata depo, kisha depo ikapata kiti na mimi nikakaa ndani yake. Hangi hakuacha. Na mizigo aliyobeba miaka yote ile, zaidi ya makumi mbili, karibu yote ilikuwa yangu. Lakini yeye aliingiliaka nyuma ya depo, kwenye mizani, na mimi nilikaaka mbele, kwenye wageni. Tukionana, ni wakati gunia ingali iko juu yake, anapita anatupa jicho toka chini, anasema "Pacha!" na mimi toka ku kiti najibu "Pacha!", basi. Sasa muntu yeyote mwenye kuwa chini ya gunia ameinama, hiyo haiwezi kukushangaza. Mimi sikungojaka siku ata moja gunia itoke juu yake nione kama anainuka.

Alikufa siku ya tatu ya juma, kwao Nyamitaba kule alirudi kuugulia, homa iliingia mu kifua. Bibi yake wa ndoa, Mama Furaha, akanipigia telefone, na mimi nilikuwa mbele ya depo na watu mingi, wanunuzi, wachimbaji, mama wa kuuza foufou, na mimi nikiwa na watu sauti yangu inapandaka yenyewe. Nikamwambia:

"Mama, usilie. Usitafute mbao, usitafute ata musumari mumoja. Sanduku ya Hangi iko juu yangu, na itakuwa sanduku yenye Nyamitaba haijaona."

"Aksanti, Papa Bauma. Lakini..."

"Hakuna lakini, Mama! Siku ya tano niko kwako."

Nikakata. Watu wakatikisa kichwa, "Patron iko muntu." Nikafurahi. Ile "lakini" ya Mama Furaha ilibakia mu telefone.

Sasa musikie mahali mambo ilianza kuharibika, juu ilianza na kitu kidogo sana, kamba tu. Huku kwetu, muntu akifia mbali na atelye, fundi anatuma muntu na kamba. Anafika ku maiti, anapiga fundo ku kichwa, fundo ku kisigino, kisha kamba ingine anapima bega na unene wa kifua, anarudi nayo imekunjwa mu mufuko, na fundi anakata mbao kufuatana na mafundo. Fundi wangu, Safari, muntu wa maneno machache, alikuwa amekwisha kutosha kamba.

"Patron, nitume muntu Nyamitaba?"

"Ya kufanya nini?"

"Kupima maiti."

"Na hii barabara? Aende, arudi, kisha sisi twende? Tutazika juma ya kuja. Pima mimi."

Safari akaniangalia kama vile nimesema kwa Kichina. "Patron, wewe uko muzima."

"Mimi na Hangi ni kipimo kimoja. Tulivaa suruali moja! Muntu ni muntu, Safari, mifupa ni mifupa. Mungu hana atelye mbili."

"Patron, mimi nimetengenezea watu mingi," akasema polepole, anasugua penseli ku sikio. "Kuna wenye miguu mirefu na kiuno kifupi. Kuna wenye bega moja chini. Kuna mama wazee wenye kichwa kimefanya mufereji pale kamba ya kubebea ilipita. Nimepima ata watoto wa tumbo moja. Wawili sawa sijawapata."

"Leo utawapata."

Na nikalala. Pale pale, juu ya mbao, mbele ya atelye, siku ya soko, na shati yangu ya kazi, mikono ku kifua, ninyooke vizuri kama musumari. Watu wakakusanyika. Mama mumoja mwenye kuuza vitunguu akatua kikapo yake.

"Weee! Muzima anajipimia kaburi! Inuka, Papa, kifo haiko nguo ya kujaribisha!"

Na mimi toka chini: "Mama, kifo inanijua, haiwezi kuja kwangu bila rendez-vous!"

Watu wakacheka sana. (Kucheka kwa watu njo pombe yangu mimi, kasiksi ya ndizi siinywake.) Safari akanipima, akauliza tu, "Urefu kwenda chini, niweke ngapi?" Nikamwambia isiende chini sana, aifanye nyembamba, kama zile za Goma zenye kuonekana kama meza, asiweke shimo kama ya kulishia ngombe. Akauliza kama aongeze kidogo pande zote, kwa usalama. Nikakataa. Hangi hakukuwa munene. Na juu ya uso, nikasema, aweke dirisha ya kioo, watu waone ndugu yao paka mwisho.

Kesho yake sanduku ikaisha, na kwa kweli ilikuwa muzuri, rangi ya vernis inawaka, mikono ya chuma. Nikataka kujua kama kioo iko mahali ya uso, basi nikaingia ndani, wakafunika, na nikafunga macho kusudi nijisikie namuna gani. Ilinienea kama kiatu. Na muntu mumoja (najua jina yake, lakini iko na watoto) akapiga foto kupitia kioo.

Kwenda Walikale kamio inaweza kufanya siku tatu, lakini foto ya haya haipandake kamio. Kabla sijamaliza kupanguza vumbi ku suruali, mama mukwe wangu kule Walikale akapiga telefone ku bibi yangu mwenye alikuwa pembeni yangu, na kule nyuma yake ninasikia wamama wanalia jina yangu. Nikachukua telefone.

"Mama, ni mimi. Ni Bauma."

"Bauma gani?"

"Mukwe wako! Niko muzima. Nilikuwa napima sanduku ya mwenzangu."

"Na macho ulifunga juu ya nini?"

"Nilikuwa najaribisha, Mama."

"Mukwe wangu," akasema, "muntu akipima kitu anafunguaka macho."

Nikacheka, nikarudisha telefone. Na juu nilikuwa mu njia ya kuharibu, nikaendelea: nikamupigia Bahati, mudogo wa Hangi, mwenye alikuwa na kazi ya kaburi, nikamwambia wachimbe kipimo yangu, metre moja na kitu, na nyembamba, wasipanue bure, juu sanduku yenyewe iko nyembamba. "Kipimo yako, Patron?" "Ndiyo, yangu! Umesahau nilikuwa pacha ya kaka yako?" Akasema ndiyo. Watu hawanibishiake sana, hiyo njo hasara ya kuwa patron.

Siku ya tano tukaondoka. Kamio ilitufikisha mahali barabara ilikatika, kisha vijana sita wakaweka sanduku ku mabega na mimi nikatembea mbele, shati nyeupe, viatu vyeusi vya kung'aa, ukungu unatoka mu mabonde na ngombe zinatuangalia juu ya uzio wa miti. Nilijisikia kama askofu. Tulipofika juu ya Nyamitaba, wamama walikuwa wanaimba chini ya shitingi ya plastiki ya bluu iliyofungwa ku miti, mukatekista na kitabu yake iko tayari, kiwanja imejaa, watu wengine wamekaa paka juu ya ukuta. Sanduku ilipoingia, kuimba kukapungua kidogo, na nikasikia "Eee, angalia kioo!" Basi, moyo wangu ukavimba.

Nilikuwa nimeleta pia kostime yangu ya bluu, ile niliyovaa ku ndoa ya binti yangu, na karavati. Nikamupatia Mama Furaha, akaingia nayo mu nyumba. Akakawia. Akatoka nayo imekunjwa vizuri ku mukono.

"Papa Bauma, haikumukubali."

"Namuna gani haikumukubali? Iko kipimo yake."

Akaniangalia. Nilifikiri ni huzuni. "Tumemuvalisha shati yake," akasema, akanirudishia.

Kisha Justin, infirmier wa dispensari ya pale, mwenye alimutunza Hangi paka mwisho, akakuja karibu na sikio yangu. "Patron, hii kazi ya kumuweka ndani ya sanduku tuifanyie mu nyumba. Watu wachache tu."

"Hapana. Inje. Watu waone."

"Patron, nakuomba..."

"Hangi alifichwa maisha yake yote nyuma ya depo. Leo watu watamuona."

(Maneno muzuri, si ndiyo? Nilikuwa mwenyewe nashangaa vile ilitoka. Sikusikia kama nilikuwa najishitaki.) Nikasimama kati ya kiwanja, nikasema maneno. Nikasema Hangi alinibebea mizigo miaka makumi mbili na zaidi, na leo mimi njo namubeba, na ataenda kwa Mungu kama patron, si kama mubebaji. Wazee wakasema "Amina." Nikapiga ishara, wamuletee.

Wanaume wane wakamutosha mu nyumba na blanketi ya rangi ya majivu. Alikuwa amelala upande, amekunjika, na mimi nikafikiri walimukunja juu ya mulango, mulango ilikuwa ndogo. Wakamushusha mu sanduku. Wakamugeuza chali. Wakaacha mikono.

Hangi akayumba.

Sijui niseme namuna gani. Mugongo wake iligusa chini, na kichwa ikapanda juu, ikapita ukingo ya sanduku, uso inaangalia watu kama vile anataka kuinuka awasalimie. Wakasukuma kichwa polepole, magoti ikapanda. Wakanyoosha magoti, kichwa ikarudi. Kama kibuyu yenye haina kitako. Blanketi ikateleza, na pale njo nilimuona Hangi bila gunia, mara ya kwanza tangu tulikuwa vijana. Mugongo ilikuwa imetoka toka bega paka katikati, kilima nzima, shingo imeingia mbele, kifua imeshuka karibu na tumbo, bega moja iko juu ya ingine. Na juu ya paji la uso, pale kamba inapitaka, kulikuwa mufereji kweli, unaweza kulaza kidole ndani. Kama ungemusimamisha pembeni yangu angenifikia hapa, chini ya chuchu. Pacha yangu.

Safari akajaribu kifuniko. Kifuniko ikakaa juu ya uso, ikacheza, upande huu chini, upande ule juu, na mu kioo yangu ya Goma ilionekana kidevu na kifungo ya shati. Wamama wakaendelea kuimba lakini maneno ikaanza kuachana, wa mbele wamenyamaza, wa nyuma wangali wanaimba, kisha wa nyuma pia. Muntu mumoja alicheka, wakamunyamazisha. Na muzee mumoja mwenye kukaa juu ya ukuta, wala hakupunguza sauti, akauliza:

"Ile sanduku ilipimwa kwa nani?"

"Kwa Patron," muntu mumoja akajibu.

"Basi Patron aingie. Tuko tayari."

Ningali naisikia. Jasho ikaanza kutoka na kule juu kunakuwaka baridi. Mukatekista alikuwa anaangalia mawingu, juu nvua ilikuwa inatelemuka kilima upande wa pili, na mu kichwa yangu ilikuwa neno moja tu: ifunge, ifunge, sanduku ifunge watu waache kuangalia. Si Hangi. Sanduku. Nikamwambia Safari kwa sauti ya chini, "Tumukaze kidogo, ataenea." Safari akarudisha mikono nyuma. "Mimi hapana, Patron." Basi mimi mwenyewe nikapiga magoti, nikaweka mikono miwili juu ya kifua ya Hangi, na nikakaza. Nikakaza na uzito wangu wote. Na kitu ikalia, ko! Kama ni mbao ao kama ni yeye, sijui paka leo, na sikuuliza, juu naogopa jibu.

"Papa Bauma."

Hakupiga makelele. Mama Furaha alikuwa amesimama juu yangu na kitenge yake ya kilio.

"Papa Bauma, alikubebea akiwa muzima. Leo amekufa, na ungali unamuweka muzigo juu?"

Nikatosha mikono. Sikujua niiweke wapi, ile mikono. Nilibakia nayo mbele yangu kama muntu mwenye kuota moto.

"Mumutoe," akawaambia wanaume. "Chali hakuiwezaka, ilimukata pumuzi. Miaka mingi analalaka upande, uso yake kwangu. Mumulalishe vile alilalaka. Wamama, leteni mukeka."

Wakaleta mukeka, wakaleta ile ile blanketi, wakamufunga vizuri, amekunjika vile alikuwa, na kwa kweli, alipolala vile, alionekana kama muntu mwenye amepumzika. Wakamuweka juu ya kipoyi, ile ya kupelekea wagonjwa, na wamama wakaanza wimbo upya toka mwanzo. Sanduku ilibakia kati ya kiwanja, wazi. Watu walipita pembeni yake kama vile wanapita shimo.

Nilifikiri imeisha. Tukafika ku kaburi. Kaburi ilikuwa ndefu na nyembamba, muzuri sana, kuta zake sawa sawa. Muntu mwenye kulala upande, amekunja magoti, hawezi kuingia ata kwa sala. Bahati akaniangalia mbele ya watu wote.

"Njo kipimo ulitupatia, Patron."

Matone ya kwanza ya nvua ikaanguka ku kitabu ya mukatekista. Nikachukua jembe ku mukono ya kijana mumoja, nikaingia ndani na shati yangu nyeupe, nikaanza kupanua. Hakuna mwenye alinizuia. Hakuna mwenye alisema aksanti. Walisimama na Hangi wao mu nvua, wanangoja, na wanawake wanaimba, na mimi nachimba, na udongo ilinyonya kiatu kimoja, kisha kingine. Kisha Justin, ule infirmier, akashuka na jembe ingine, tukachimba mugongo kwa mugongo.

Nikamuuliza bila kugeuka, "Ilianza lini?"

"Haiko na siku, Patron. Uti wa mugongo iko kama makopo yamepangwa, moja juu ya ingine. Ukikaza upande wa mbele kila siku, kila siku, makopo inapondeka mbele, inakuwa kama kabari ya shoka. Kabari juu ya kabari, muntu anapinda."

"Na mimi? Tulianza pamoja."

"Wewe uliacha mapema. Mifupa yako ilibakia makopo." Akachimba kidogo. "Na tena, ata kama mungeacha siku ile ile moja, kuna mwenye kuzaliwa na mifupa nguvu, kuna mwenye kuzaliwa na ya laini. Ata upande wa kuume na wa kushoto ya muntu mumoja haifanane. Mungu anachonga, kisha kazi inachonga tena juu yake."

"Kwa nini hakuniambia?"

Justin akatupa udongo inje. "Alikuwa akipita mbele yako kila siku, Patron. Angekwambia nini zaidi?"

Tukamuzika. Akaingia vizuri, upande wa kuume, na Mama Furaha akaomba wamugeuze kidogo tu, uso itazame nyumba. Nvua ikamwaga sana. Sala ilipoisha nikamufuata Mama Furaha, miguu tupu, shati ya matope, nikamwambia, "Mama, ile siku mu telefone ulisema 'lakini', nikakata. Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kukwambia amepinda," akasema. "Na ukimutengenezea sanduku, umutume muntu na kamba." Kisha akaniambia niingie mu nyumba nikaushe nguo, foufou iko moto. Ingekuwa afazali anitukane. Nilikaa pembeni ya moto yake na sahani ku magoti.

Kurudi, hakuna kijana mwenye alitaka kubeba sanduku, juu sanduku yenye kurudi tupu wanasema inatafuta mwenyewe. Tukaibeba mimi na Safari, yeye mbele, mimi nyuma, paka kamio. Mu njia watu walitosha kofia, wakasimama. "Pole, Papa. Ni nani?" "Hakuna muntu." "Hakuna muntu namuna gani?" Na sisi tunapita. Juu ya kamio kioo ikavunjika ku shimo la kwanza la barabara. Bibi yangu alikataa iingie mu kiwanja, Safari alikataa irudi mu atelye, juu muzima alikwisha lala ndani yake. Tukaivunja na shoka, tukachoma. Mbao za muzuri zile, moto ilizikula kama nyasi.

Basi njo ile. Muitumie, mucheke, niko na haki ya kuchekwa. Niliapa mbele ya bibi yangu: sitasema tena namujua muntu kama sijamuona bila muzigo. Na juu mimi nikiapa naapaka kweli, siku ya kwanza nilihamisha kiti yangu. Sasa nakaa nyuma ya depo, kwenye mizani, mahali wabebaji wanaingilia. Kila mwenye kufika namwambia, tua kwanza, simama nikuone, na wanatua, wananyoosha kiuno, wanacheka, wanasema Patron amekuwa infirmier.

Siku moja akafika Papa Mateso. Iko muntu wa wakati wetu, alibebea wengine, kisha mimi. Akatua gunia, akatosha kamba ku kichwa, akapanguza jasho. Nikangoja. Alikuwa ananiangalia toka chini, na mimi nikafikiri angali anapumzika, nikangoja tena kidogo, kisha nikamwambia kwa heshima:

"Papa Mateso, usimame sasa, nikuone."

"Patron," akasema, "nimesimama."